Kifuniko cha kioo au cha wavu? Waulize samaki, kisha uiulize na nyumba

UKIMWAMBIA fundi wa vioo akukatie kifuniko cha tangi la samaki, hatakuuliza maswali mengi. Atachukua futi yake, atapima urefu, atapima upana, atakata kioo na kuzisugua kingo zisikuchane vidole, basi. Saa moja tu na kazi imekwisha. Lakini msomaji, ikiwa tangi lenyewe ni la maji ya chumvi, na ndani yake mna matumbawe yaliyo hai, kioo hicho unachokibeba kwapani kinaweza kukuletea gharama na huzuni ambazo fundi hakukutajia. Si kwa ubaya wake. Hazimhusu.

Mwaka huu pekee watu watatu wamenijia na swali lile lile: je, tangi la matumbawe lifunikwe kwa kioo au kwa wavu? Wananiuliza mimi kwa sababu wameliona sebuleni petu. Tangi si langu. Ni la mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyefanya kazi bandarini Kilindini miaka thelathini na ushei. Mwaka 2019, baada ya kufiwa na mkewe, alikubali shingo upande kuja kukaa nasi Nairobi. Alikuja na sanduku moja la nguo, msala wake, na tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kina cha 45. Nyuma yake ilifuata mitungi kumi ya lita 20 iliyojaa maji ya bahari, na samaki ndani ya ndoo zenye vifuniko, pampu ndogo ya betri ikiwapulizia hewa njia nzima. Mume wangu alipouona msafara ule ukiteremshwa mlangoni alinitazama tu, asiseme neno.

Basi tuanze na samaki, maana ndio wanaowafanya watu watafute kifuniko.

Samaki wa matumbawe huruka. Wako wasioruka sana, lakini wako wengine ambao ukiwaweka kwenye tangi lililo wazi, unahesabu siku tu. Samaki wembamba wa rangi rangi wa jamii ya Cirrhilabrus ni mabingwa wa mchezo huo. Bingwa mwingine ni Nemateleotris magnifica, ambaye wafugaji humwita samaki wa moto: mbele mweupe, nyuma mwekundu kama kaa la jiko, na mgongoni ana pezi refu lililosimama kama mlingoti wa dau. Huyu hupatikana tangu pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Baharini huishi karibu na shimo lake, na akishtuka huchomoka kama mshale. Ndani ya tangi, mshale huo hauna pa kwenda ila juu.

Nilimuuliza mjomba mbona samaki ajirushe mahali ambapo mauti yanamngoja. Akacheka. "Mwanangu, samaki wa bahari hajui kama maji yana mwisho. Kule kwao akiruka akimkimbia adui, ataanguka mbele kidogo, na ataangukia maji. Hana habari na zulia lako."

Ndivyo ilivyo. Na saa mbaya kabisa ni ile taa inapozimwa. Kiza kikiingia ghafla samaki hupaparika, akagonga jiwe au akagongana na mwenziwe, na huyoo angani. Asubuhi unamkuta nyuma ya kabati amekauka kama dagaa. Mjomba aliwapoteza wawili hivyo alipokuwa bado Mombasa, katika siku zake za kuacha tangi wazi. Wavuvi wa samaki wa mapambo, wale wa sehemu kama Shimoni, huzamia kumtafuta samaki mmoja mmoja kati ya mawe, kwa mkono na kijavu kidogo. Samaki aliyepatikana kwa taabu hiyo kufa juu ya sakafu ni hasara ambayo mjomba hakuweza kuisahau, na ndiyo iliyomfanya aanze kutafuta cha kufunikia.

Hapo ndipo kioo kinapojitokeza kwa madaha. Kioo kinazuia samaki, hilo halina ubishi. Kinazuia mjusi anayetembea darini asitumbukie. Kinazuia paka. Kinazuia maji yanayorushwa na pampu yasizifikie taa. Na kuna jambo wengi hawalifikirii: dawa ya mbu ya kupuliza. Dawa nyingi za namna hiyo zina pareto, au kemikali zilizotengenezwa kwa kuigiza pareto, ile ile iliyowapa riziki wakulima wetu wa nyanda za juu kwa miaka mingi. Kwa binadamu haina madhara makubwa, lakini kwa samaki ni sumu kali, na kwa kamba na kaa wadogo wa ndani ya tangi ni kali zaidi. Kioo hupunguza hatari hiyo. Wavu hauizuii hata kidogo. Nyumbani petu tuliliamua jambo hili mapema: hakuna kupuliza dawa sebuleni, wote tunalala ndani ya chandarua.

Sasa geuza shilingi uone upande wa pili.

Matumbawe si mawe, ingawa ukiyashika ni magumu kama mawe. Ni wanyama, na ndani ya miili yao mnaishi mwani wa chembe moja moja usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho ndicho kinachomlisha mwenyeji wake. Punguza mwanga na umepunguza chakula. Kioo kikiwa kisafi kabisa hupoteza kiasi kidogo tu, kama asilimia 8, kwa kuurudisha mwanga juu. Lakini ni nani aliyekiona kifuniko cha tangi la bahari kikiwa kisafi kabisa? Matone hurukia chini yake, maji yakakauka, chumvi ikabaki. Baada ya siku nne tano kimekuwa cheupe kama dirisha la duka la unga. Mjomba alikuwa akikivua kila Ijumaa, akakisuuza kwa maji baridi, na ile chokaa iliyogoma akaisugua kwa siki. Kioo cha ukubwa wa tangi letu, cha unene wa milimita 5, kina uzito wa kilo 6 na ushei. Mzee wa miaka sabini akipanda juu ya stuli na kioo kilicholowa mikononi, mimi nilikuwa sipumui mpaka ashuke.

(Kuna plastiki ngumu ya wazi ambayo ni nyepesi zaidi. Sikushauri. Upande wa chini hunyonya unyevu na wa juu hukauka, na baada ya muda mfupi ubao mzima umejikunja kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango.)

Mwanga ni jambo la kwanza. La pili ni hewa, na hapa wakazi wa Nairobi tuko katika hali yetu wenyewe. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko juu, karibu mita 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji ya huku hayawezi kubeba oksijeni sawa na ya Mombasa. Hupungukiwa kwa kama asilimia 18. Samaki aliyezaliwa Bahari ya Hindi anakuja Nairobi kama mgeni aliyepandishwa mlimani. Anaweza kuishi vizuri, ila akiba yake ya pumzi ni ndogo. Ukimfunika kwa kioo kinachobana kila upande, hewa iliyo kati ya maji na kioo haibadiliki ipasavyo. Oksijeni inapungua, na hewa ya kaboni wanayoitoa samaki inakosa pa kwendea. Kaboni hiyo ikizidi majini huyavuta maji kuelekea uchachu, na matumbawe yakiwa kwenye maji ya aina hiyo hujenga mifupa yao kwa shida.

Mwaka mzima huenda usilione tatizo hilo, maana pampu inazungusha maji na mambo yanakwenda. Lakini nani katika nchi hii anayeweza kukuapia kwamba stima haitapotea?

Usiku wa Agosti 25, 2023 nchi nzima iliingia gizani. Utakumbuka, msomaji, ulikuwa wapi. Sisi tulikuwa nyumbani, wakati wa baridi, na kioo kilikuwa juu ya tangi. Pampu zote zilinyamaza kwa pamoja. Mwanzoni hatukujali, tukadhani ni mtaa wetu tu na kwamba itarudi baada ya nusu saa. Ilipofika saa sita za usiku mjomba alimulika kwa tochi na kuwaona samaki wamepanda juu wote, midomo yao ikigusa uso wa maji, wakihema. Alikivua kioo, akachukua jagi la jikoni, akaanza kuteka maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie na hewa. Teka, mwaga. Teka, mwaga. Ile pampu ya betri ya safarini ilikuwa imekwisha kufa zamani. Saa nane nilimpokea jagi, akapumzika kitini. Saa kumi mume wangu alinipokea mimi, yeye ambaye kwa miaka minne alikuwa akiliita tangi lile "ule mzigo". Alfajiri tulikuwa tumempoteza samaki mmoja tu, na mikono yetu ilikuwa imekakamaa kama ya wapiga makasia.

Asubuhi ile kioo kilitiwa nyuma ya kabati. Mjomba akampata fundi wa madirisha ya alumini, akamwambia amtengenezee fremu nyembamba iliyopakwa rangi, akaitandika wavu mweupe wa nailoni wenye matundu ya milimita 6. Fremu nzima haifiki kilo moja. Matundu ya kipimo hicho hayapitishi samaki wetu wote, wala hayazibi mwanga kwa kiasi cha kukushughulisha. Wavu wa madirishani wa kuzuia mbu, ule wa vitundu vidogo vidogo, ni habari nyingine: unakula mwanga mwingi, na chumvi ikiuziba unakula zaidi.

Samaki walitulia, matumbawe yakafunguka vizuri. Ikawa sasa zamu ya nyumba kulalamika.

Ondoa kioo, weka wavu, na maji yataanza kukuaga. Tangi la ukubwa kama letu, lenye taa na pampu, likifunikwa kwa wavu tu hupoteza kama lita 3 kwa siku. Chini ya kioo lilikuwa likipoteza chini ya lita moja. Ukiambiwa lita 3 unaweza kuona ni kitu kidogo. Fanya hesabu ya wiki: lita 21. Ni mtungi mzima wa maji uliogeuka mvuke sebuleni mwako, kila wiki, nawe huuoni.

Maji yakiondoka, chumvi haiondoki. Bahari yetu ina kama gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Tangi letu, ukitoa mawe na mchanga, lina lita 200 hivi za maji. Ukikaa wiki bila kuongeza kitu, gramu 35 zinakaribia 39, na matumbawe hayawezi kuvumilia mabadiliko ya haraka kama hayo. Kwa hivyo kinachorudishwa kila siku ni maji baridi yasiyo na chumvi. Usije ukaongeza maji ya bahari ukidhani unalipa kilichopotea. Utakuwa unarundika chumvi juu ya chumvi. Na maji ya mfereji yana dawa ya klorini, hivyo yasafishwe kwanza. Mjomba amechora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa tangi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri hulijaza hadi kwenye mstari. Ni kazi ya dakika tano, ila haina likizo. Asiyeweza kuifanya, ama kumweka mtu wa kuifanya akisafiri, bora abaki na kioo, au anunue boya dogo mfano wa lile la tangi la choo, limjazie lenyewe.

Tena mvuke huo unaondoka na joto. Huu ni upande wa mambo unaobadilika kulingana na mahali unapoishi, na ndiyo sababu sipendi kumsikia mtu akitoa jibu moja kwa nchi nzima. Mombasa mwezi wa Machi, maji ya tangi yanaweza kupanda hadi nyuzi 30 na kupita, na matumbawe hayastahimili joto la namna hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1998, wakati wa El Nino, Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kawaida yake. Matumbawe ya pwani yetu yalipauka, na mengi yakafa. Yaliyoyaua ni ongezeko la nyuzi chache tu. Kwa hivyo ikiwa uko Mombasa, Malindi au Lamu, kioo ni adui yako mkubwa. Weka wavu, elekeza feni ndogo juu ya maji, uuache mvuke uchukue joto.

Nairobi mwezi wa Julai ni kinyume chake. Sebule ina nyuzi 18 asubuhi, tangi linahitaji 25 au 26. Kila lita inayogeuka mvuke inachukua joto ambalo lazima hita ilirudishe. Kwa lita 3 kwa siku hiyo ni karibu yuniti 2 za stima, yaani yuniti 60 kwa mwezi, kwa ajili ya kugharamia hewa yenye unyevu. Mume wangu ndiye anayenunua tokeni, na mwezi wa kwanza wa baridi chini ya wavu alizipigia hesabu mbele yetu sote, kwa sauti.

Lakini tokeni hununuliwa. Kuna kilichotutia hofu zaidi.

Kifungua mimba wetu, binti wa miaka saba wakati huo, ana pumu. Julai 2024 ilikuwa ya mawingu na manyunyu, madirisha yamefungwa kutwa kucha. Tukaona ukuta wa nje, ule uliokuwa nyuma ya tangi, umelowa jasho. Kisha pembe ya dari ikaanza kuota madoa meusi. Kisha mtoto akaanza kukohoa usiku. Kwa wiki mbili inhela haikutoka chini ya mto wake. Nilimpeleka kwa daktari, akampima, akaandika dawa, halafu akaweka kalamu chini akaniuliza: "Mama, nyumba yenu ina unyevu?"

Nilirudi nyumbani sijui nitasema nini. Sikuhitaji kusema. Mjomba alikuwa amesimama mbele ya tangi, mikono nyuma, na bila ya kugeuka akaniambia, "Tangi litoke, mwanangu. Nimeshampigia simu kijana mmoja wa huko pwani. Mtoto kwanza."

Ninyi mliowahi kuishi na mzee aliyefiwa mtanielewa. Mtu huyu aliamka kwa ajili ya mstari ule wa wino. Alikuwa na watu wa kuzungumza nao kwa sababu jirani walikuja kutazama samaki. Kuliondoa tangi ilikuwa rahisi kwa kusema, na ilikuwa haki. Lakini je, hapakuwa na njia nyingine?

Aliyeiona njia ni mume wangu. Nyumba nyingi za zamani hapa Nairobi zina matundu ya hewa juu ya madirisha, yale yaliyowekwa na wajenzi waliojua wanafanya nini. Wapangaji huyaziba wakati wa baridi. Yetu yalizibwa na mpangaji aliyetutangulia, na kama ilivyo desturi, aliyaziba kwa magazeti. Huenda lilikuwa gazeti kama hili unalolisoma. Mume wangu alipanda juu ya kiti akayachomoa yote, makavu na ya manjano, moja baada ya jingine. Siku ya pili tulilisogeza tangi kutoka ukuta wa nje hadi ule wa ndani, kazi ya wanaume wanne na nusu siku nzima, maana ilibidi kwanza limwagwe maji. Madoa meusi tukayasugua na kuyakausha. Na kila asubuhi, hata kukiwa na baridi ya kung'ata, madirisha mawili yanayokabiliana hufunguliwa kwa robo saa.

Kifuniko nacho kikabadilika. Theluthi ya nyuma, mahali ambapo pampu hurusha maji na ambapo taa haimuliki tumbawe lolote, imewekwa kipande cha kioo. Theluthi mbili za mbele ni wavu. Kioo hicho ni chembamba, ni chepesi, na mzee hukivua kwa mkono mmoja. Maji yanayopotea yamepungua hadi lita 2 kwa siku au pungufu, hita inapumzika kidogo, na hewa ya kaboni ina mlango mpana wa kutokea. Stima ikipotea, hakuna anayekimbilia kuvua kitu. Pampu mpya ya betri iko tayari chini ya kabati, na jagi lake pembeni.

Binti yetu amepata nafuu. Sitakudanganya kwamba ni tangi peke yake lililomletea kikohozi. Julai ina mambo yake, na vumbi lina yake. Lakini Julai iliyofuata, 2025, ukuta ulikuwa mkavu na aliitumia inhela mara chache tu.

Kwa hivyo wale watatu walioniuliza niliwajibu tofauti. Wa kwanza anaishi Nyali, nikamwambia wavu, wala asifikirie mara mbili. Wa pili ana nyumba ndogo ya ghorofani Nairobi, madirisha ya upande mmoja tu, na kitoto kichanga. Huyo nilimwambia asubiri. Na kama hawezi kusubiri, basi aweke kioo kilichoachwa nafasi ya vidole viwili kwa nyuma, nafasi hiyo izibwe kwa wavu, na afuge samaki wachache. Wa tatu alitaka kujua angepata wapi matumbawe, na nikaona afadhali nimweleze kwanza kwamba mbuga za bahari za Malindi na Watamu zinalindwa tangu 1968 na huko hakung'olewi kitu. Vipande vya matumbawe ya mjomba vyote vilikatwa kutoka kwa matangi ya wafugaji wenzake.

Ukichagua wavu, nina maneno mawili juu ya wavu wenyewe, kwa sababu Mkenya akihitaji wavu kwanza huangalia alicho nacho nyumbani.

Usikate chandarua cha kulalia. Najua kuna kuukuu kabatini, na najua kinaonekana kinafaa kabisa. Lakini vyandarua vinavyogawiwa na serikali vimetiwa dawa ya jamii ile ile ya pareto niliyoitaja, na imetengenezwa ikae kwenye nyuzi kwa miaka. Ndiyo maana watu huambiwa wasivifue mtoni wala ziwani. Tone la maji likiruka likagusa chandarua hicho na kurudi tanginini, limerudi na sumu. Wavu wa kuku pia usiulete. Umepakwa zinki, na chumvi itaumomonyoa uingie majini kidogo kidogo. Samaki wakubwa huenda wakavumilia, kamba na matumbawe hayatavumilia. Wavu wa shaba ndio mbaya kupita yote. Nailoni au plastiki isiyotiwa dawa, basi.

Na fremu ikishafika kutoka kwa fundi, usiangalie katikati. Angalia pembe, pale ulipokata ili kupitisha mpira wa pampu na waya wa hita. Nafasi ya vidole viwili hapo ni lango kubwa kwa samaki wa moto, na mjomba anaapa kwamba wanaitafuta. Chukua vipande vya wavu vilivyobaki, vikunje, vijaze pale kuzunguka mpira hadi kidole chako cha mwisho kisipite.